Je, Wajua? Saa Chache za Penisilini Mwilini

Kapsuli za amoksilini, aghalabu nyekundu na njano, zinauzwa Nyali nzima: Kongowea, Mkomani, Bombolulu, Ziwa la Ng'ombe. Wengi tumezimeza, wachache tunajua zinafanya nini zikishapita koo. Amoksilini ni mmoja wa jamii kubwa ya penisilini, na jamii hiyo ina tabia moja ya kushika mapema: haikai mwilini. Huingia, hufanya kazi kwa saa chache, kisha figo huitoa. Karibu kila agizo la daktari kuhusu dawa hii, tangu saa ya kumeza hadi aina ya sindano, limetokana na ufupi huo wa muda. Soma mambo haya 36, umsomee na jirani.

ILIKOTOKA

1. Je, wajua kwamba penisilini hutengenezwa na kuvu? Septemba 1928, daktari Mskoti Alexander Fleming alirudi kazini kutoka likizo katika hospitali ya St Mary's, London. Sahani moja aliyokuwa akioteshea bakteria ilikuwa imeota kuvu, na pale kandokando ya kuvu bakteria walikuwa wametoweka. Kuvu hiyo ni ya ukoo wa Penicillium, na dawa ikapata jina lake hapo.

2. Miaka zaidi ya 10 ilipita kabla ya dawa yenyewe kupatikana. Tarehe 25 Mei 1940, kundi la Howard Florey na Ernst Chain huko Oxford liliwadunga panya 8 bakteria wa kuua. Panya 4 walipewa penisilini, 4 hawakupewa. Kufikia asubuhi wale 4 wasiopewa walikuwa wamekufa. Waliotibiwa walikuwa hai.

3. Je, wajua kwamba mgonjwa wa kwanza wa Oxford alitibiwa kwa dawa iliyotoka kwenye mkojo wake mwenyewe? Albert Alexander, askari polisi, alianza kudungwa Februari 1941 akiwa hoi kwa maambukizi. Homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa haba mno, hivyo mkojo wake ulikusanywa, penisilini ikachujwa humo na kudungwa tena. Hata hivyo iliisha kabla hajapona, na Machi mwaka huohuo akafariki. Kisa chake kilionyesha mambo mawili kwa pamoja: dawa ina nguvu, na mwili haukawii kuitoa.

4. Kuvu iliyowezesha dawa hii kutengenezwa kwa wingi ilitoka kwenye tikiti tamu lililooza, mjini Peoria, Marekani, mwaka 1943. Ilitoa penisilini nyingi kuliko kuvu ya Fleming.

5. Je, wajua kwamba umbo la penisilini liligunduliwa na mwanamke mzaliwa wa Afrika? Dorothy Hodgkin alizaliwa Cairo, Misri, mwaka 1910. Mwaka 1945 alitumia miale ya eksirei kuonyesha kwamba moyo wa penisilini ni pete ndogo ya pembe nne, iliyobanwa na iliyo tayari kufunguka. Pete hiyo, beta-laktamu, ndiyo silaha yenyewe. Ikivunjika kabla ya kazi, dawa imekwisha.

INAVYOUA

6. Penisilini haina haja ya kuingia ndani kabisa ya bakteria. Kazi yake iko ukutani. Ukuta wa bakteria umefumwa mfano wa wavu wa mvuvi: nyuzi ndefu za sukari, zimeunganishwa kwa vipande vifupi vya protini, fundo baada ya fundo. Kuna kimeng'enya maalumu kinachofunga mafundo hayo. Penisilini inafanana na ncha ya uzi ambayo kimeng'enya hicho huitafuta. Kikiishika, pete ya pembe nne hufunguka na kugandana nacho. Kimenasa, na fundo halifungwi tena. Wanasayansi Donald Tipper na Jack Strominger ndio walioeleza mfanano huo, mwaka 1965.

7. Ndani ya bakteria mna shinikizo kubwa la maji, na ukuta ndio unaolizuia. Ukuta ukibaki na matundu huku bakteria akiendelea kukua, maji humwingia, hufura, hupasuka.

8. Je, wajua kwa nini penisilini haipasui seli zetu? Seli ya binadamu haina ukuta wa namna hiyo. Ina ngozi laini tu, bila wavu wala mafundo. Kwa hiyo dawa inaweza kuwa nyingi kwenye damu bila kumdhuru mtu, jambo lisilowezekana kwa sumu nyingi zinazoua vijidudu.

9. Bakteria aliyelala hauawi. Penisilini huwapata wale wanaokua na kujenga ukuta. Baadhi ya antibiotiki, kama tetrasaiklini, huzuia bakteria wasikue, na zikichanganywa na penisilini zinaweza kuipunguzia makali. Kuchanganya antibiotiki mbili kwa shauri la jirani si kuongeza nguvu. Huenda ikawa ni kuiondoa.

10. Mafua ni virusi. Kikohozi kingi cha msimu wa baridi ni virusi. Surua ni virusi. Virusi havina ukuta wa kufumwa, kwa hiyo penisilini haina pa kushika. Mtu aliyemeza amoksilini kwa mafua akapona siku ya tano angepona siku ya tano bila hiyo.

11. Nyali kuna kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf. Alifariki Julai 1844 kwa homa inayoaminika kuwa malaria, siku chache baada ya kujifungua. Mtoto wao mchanga akamfuata. Hata kama penisilini ingekuwepo miaka hiyo isingemponya malaria, kwa kuwa kimelea cha malaria si bakteria. Ndiyo maana homa hupimwa kwanza, kisha hutibiwa.

12. Bakteria wengine wana ngozi ya ziada nje ya ukuta, yenye vishimo vyembamba. Penisilini ya kwanza ilishindwa kuvipenya. Kati ya 1957 na 1959, watafiti wa kampuni ya Beecham, Uingereza, walipata kiini cha penisilini kisicho na mkia, wakawa wanaweza kukibandika mikia wapendavyo. Ampisilini ikatoka 1961, amoksilini 1972. Zote mbili hupenya vishimo hivyo.

INAVYOSAFIRI

13. Je, wajua kwamba penisilini ya kwanza haikuweza kumezwa? Asidi ya tumbo huvunja pete yake. Ndiyo sababu penisilini G, ambayo manesi wengi wa Kenya huiita X-pen, bado hutolewa kwa sindano. Penisilini V, iliyopatikana Austria mapema miaka ya 1950, huhimili asidi, nayo humezwa.

14. Amoksilini huhimili asidi pia, na ina bahati nyingine. Kwenye utumbo mwembamba kuna milango inayopokea vipande vidogo vya protini baada ya mtu kula. Amoksilini inafanana navyo, basi hupokelewa. Sehemu kubwa ya dawa iliyomezwa, kwa kawaida zaidi ya robo tatu, huingia kwenye damu. Unaweza kuimeza na chakula au bila chakula. Ampisilini na kloksasilini si hivyo: hizo zataka tumbo tupu, kabla ya kula.

15. Hesabu ya saa iko hivi. Umemeza amoksilini saa 2 asubuhi. Kati ya saa 3 na saa 4 dawa imefika kilele kwenye damu. Kuanzia hapo, mtu mwenye figo nzima hupoteza nusu kila baada ya saa 1 hivi. Saa 5 imebaki nusu ya kilele. Saa 6 mchana, robo. Saa 7, thumni. Saa 10 jioni hata sehemu 1 kati ya 60 haijafika.

16. Kwa sababu hiyo, "mara tatu kwa siku" maana yake ni kila baada ya saa 8: kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Anayemeza asubuhi, adhuhuri na magharibi ameuacha usiku mzima bila dawa, na bakteria waliosalia wanaendelea kujenga kuta zao.

17. Je, wajua kwamba kwa penisilini urefu wa muda una uzito kuliko ukubwa wa kilele? Dawa ikishapita kiwango kinachoua, kuizidisha mara kumi hakuongezi kasi ya kuua kwa kiasi kikubwa. Kinachohitajika ni ikae juu ya kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya kila mzunguko. Aliyesahau kidonge cha mchana hakifidii kwa kumeza viwili usiku.

18. Ikiwa kwenye damu, penisilini husambaa katika majimaji yanayozunguka seli: mapafu, koo, sikio la kati, ngozi, kibofu. Haiingii kwa urahisi ndani ya seli zenyewe, na kijidudu anayejificha humo, kama wa kifua kikuu, humfikia kwa shida. Jipu lililojaa usaha nalo hupata dawa kidogo. Mara nyingi tiba yake ni kupasuliwa na kukamuliwa.

19. Ubongo una ulinzi wake, na kwa mtu mzima wa afya ni penisilini kidogo sana inayopita. Ila uti wa mgongo ukivimba kwa ugonjwa, ulinzi huo hulegea na dawa hupenya zaidi. Ugonjwa wenyewe unafungua njia ya dawa yake, ilimradi dozi iwe kubwa na ipitie kwenye mshipa.

20. Penisilini hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, na kiasi kidogo sana huingia kwenye maziwa ya mama. Ni miongoni mwa antibiotiki zenye historia ndefu ya usalama kwa wajawazito na wanaonyonyesha.

INAVYOTOKA

21. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na ini. Penisilini nyingi hutoka nzima. Zaidi ya nusu ya amoksilini uliyomeza hutoka kwenye mkojo ikiwa bado hai, ndani ya saa 6 hadi 8. Ndiyo sababu mkojo wa askari wa Oxford ulikuwa na thamani.

22. Kila dakika, karibu lita 1 ya damu hupita kwenye figo za mtu mzima. Figo haziingojei penisilini ichujike yenyewe. Zina pampu zinazoikamata kwenye damu na kuisukuma kwenye mkojo. Penisilini G hupungua nusu kila baada ya dakika 30 hivi, na kwa hiyo mtoto aliyelazwa hudungwa kila baada ya saa 6, usiku na mchana. Nesi anayekuamsha saa 6 usiku anafuata hesabu hiyo.

23. Wakati dawa ilikuwa adimu, wanasayansi walitafuta kitu cha kuzizuia pampu hizo. Wakapata probenesidi. Ukiimeza pamoja na penisilini, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Baadaye probenesidi ikajulikana zaidi kama dawa ya jongo.

24. Je, wajua kwamba figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa? Katika wiki ya kwanza ya maisha hutoa penisilini polepole, na mwongozo wa Kenya huagiza adungwe kila baada ya saa 12 badala ya 6. Mtu mwenye ugonjwa wa figo naye hupunguziwa dozi. Mwambie daktari kuhusu figo zako kabla hajaandika dawa.

SINDANO YA WIKI KADHAA

25. Iko penisilini isiyo na haraka. Inaitwa benzathini. Ni chumvi isiyopenda kuyeyuka, na ikichanganywa na maji huwa nzito, nyeupe kama maziwa. Nesi hutumia sindano yenye tundu pana, huidunga ndani ya msuli wa kalio, na kuisukuma taratibu isije ikaziba. Inauma, na mtu anaweza kuchechemea hadi kesho yake. Humo msulini huyeyuka chembe kwa chembe na kuingia kwenye damu kwa wiki 3 hadi 4. Kiwango chake ni kidogo, ila hakikatiki. Isidungwe kamwe kwenye mshipa wa damu.

26. Mjamzito akikutwa na kaswende kliniki, benzathini ndiyo kinga ya mtoto wake, maana hufika hadi kwa aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linataka tiba ikamilike siku 30 au zaidi kabla ya kujifungua. Kaswende isiyotibiwa inaweza kuua mimba au kumlemaza mtoto, na kipimo chake ni tone la damu kidoleni. Mama anayeanza kliniki mapema humpa mtoto wake nafasi hiyo.

27. Koo linalouma kwa bakteria aina ya streptokoka, lisipotibiwa, huweza kuufanya mwili uishambulie milango ya moyo wake wenyewe. Huko Gulu, Uganda, watoto na vijana 818 waliogunduliwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huo wa moyo walishirikishwa katika utafiti. Nusu walidungwa benzathini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Matokeo yaliyochapishwa 2021: ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa, na kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa. Sindano ileile inayouma imeokoa mioyo ya watoto wa Afrika Mashariki.

28. Wazee wetu waliijua buba, vidonda vilivyokula ngozi na mifupa ya watoto. Kati ya 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46, kwa sindano moja tu ya penisilini ya polepole kwa kila mgonjwa. Buba ikapungua kwa asilimia 95 hivi.

WATOTO WETU

29. Barabara inayotoka Nyali kwenda kaskazini, ukipita Mtwapa, inafika Kilifi, ambako taasisi ya KEMRI na Wellcome Trust wamefanya utafiti pamoja tangu 1989. Mpango huo ulijibu swali lililowagusa wazazi wengi: mtoto mwenye nimonia ya kubonyea mbavu lazima alazwe na kudungwa? Dkt. Ambrose Agweyu na wenzake waliwafuatilia watoto 527 katika hospitali 6 za Kenya. Wengine walipewa sindano za penisilini, wengine amoksilini ya kumeza. Matokeo ya 2015: tiba ilishindwa kwa asilimia 8.0 upande wa sindano na 7.7 upande wa kumeza. Dawa ya kumeza ilitosha, na mwongozo wa Kenya ukabadilika. Mtoto asiyeweza kunywa, anayezimia au anayebadilika rangi midomo, huyo bado ni wa hospitali, sasa hivi.

30. Mtoto mwenye sikoseli wengu wake huharibika mapema, nao ndio unaochuja bakteria kwenye damu. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa bakteria aliyeongoza kuwashambulia watoto hao hapa Pwani ni nyumokoka, mwuaji yuleyule wa nimonia. Mwaka 1986 Wamarekani walikuwa wamethibitisha kwamba penisilini V mara mbili kwa siku hupunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Basi mtoto huyo haimezi akiugua tu. Anaimeza kila siku, akiwa mzima, tangu miezi 2 hadi miaka 5.

31. Je, wajua kwa nini dawa ya maji ya mtoto huuzwa ikiwa unga? Maji huivunja ile pete ya pembe nne, polepole lakini bila kukoma, na joto huharakisha. Tazama inavyochanganywa sawasawa: chupa hugongwagongwa ili unga uachane, maji yaliyochemshwa yakapoa hutiwa nusu, hutikiswa, povu huachwa litulie, ndipo hujazwa hadi kwenye alama. Kuanzia dakika hiyo siku zinahesabika, mara nyingi 7 tu. Soma kibandiko. Katika joto la Mombasa la Februari na Machi, isiwekwe dirishani wala karibu na jiko. Kama kuna friji, iweke humo. Itikise kila unapompa mtoto, maana dawa hukaa chini. Siku zikiisha, imwage. Kumtunzia mdogo wake ni kumtunzia maji matamu.

32. Viko pia vidonge vya kuyeyusha, vilivyotengenezwa kwa watoto wadogo. Kila dozi huyeyushwa wakati wake, kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, kwa hiyo havina shida ya friji. Uliza kama vipo.

33. Dawa bora ni ile isiyohitajika. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nyumokoka mwaka 2011, kwenye wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Huko Kilifi, maradhi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5.

BAKTERIA WANAPOJIBU

34. Je, wajua kwamba usugu ulijulikana kabla ya dawa kufika hospitalini? Mwaka 1940, huko huko Oxford, Chain na Edward Abraham walieleza kimeng'enya cha bakteria kinachoivunja penisilini. Mwaka 1976 kisonono kilichobeba uwezo huo kikatambuliwa. Aina yake moja ilihusishwa na Afrika Magharibi. Leo penisilini haitibu tena kisonono. Dawa iliyokuwa ikiwaponya wagonjwa kwa siku moja imepotea kwa ugonjwa huo. Ndiyo sababu amoksilini nyingine huuzwa zikiwa na klavulanati, kitu kinachokinasa kimeng'enya cha bakteria ili penisilini ifanye kazi. Lakini hiyo nayo ni akiba, tusiichezee. Mwaka 2019, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi sugu. Fleming mwenyewe, akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dozi pungufu zitawafundisha vijidudu kuhimili.

35. Penisilini ikimkataa mtu, humkataa kweli. Vipele vinavyowasha, uso au midomo kuvimba, pumzi kubana: acha dawa, nenda hospitali papo hapo. Aliyepata hayo asitumie ndugu yeyote wa jamii hii, iwe amoksilini, ampisilini, kloksasilini au benzathini, hata rangi ya kapsuli ikiwa tofauti. Aseme kila anapotibiwa, iandikwe kwenye kadi yake. Kwa upande mwingine, Marekani takriban mtu 1 kati ya 10 hudai ana mzio huu, na wakipimwa, 9 kati ya 10 hukutwa hawana. Kuhara kidogo baada ya amoksilini si mzio. Mweleze daktari kilichotokea hasa, kwa maana jina la mzio lisilo la kweli humnyima mtu dawa nzuri maisha yake yote.

36. Je, wajua kwamba sheria ya Kenya inataka cheti cha daktari kabla ya antibiotiki kuuzwa? Si kukuwekea vikwazo. Mgonjwa anayenunua kapsuli 4 kwa sababu pesa zimetosha hapo amenunua siku moja na ushei, kisha bakteria waliobaki ni wale waliohimili, naye atawapitishia watoto wake na abiria wenzake kwenye matatu. Bora umwambie mfamasia pesa ulizonazo, akutafutie amoksilini ya bei nafuu, kuliko kukata dozi. Na kabla ya kuondoka pale kaunta uliza mambo matatu: dawa hii inaua nini, niimeze kila baada ya saa ngapi, na kwa siku ngapi. Mfamasia anayejua kazi yake atafurahi kukujibu. Asipoweza kukujibu, lipo duka jingine mbele kidogo.